Sura ya Tano: Jibondo, Kisiwa cha Mafundi na Wavuvi

Kusini mwa kisiwa kikuu cha Mafia, katika maji yaliyo mbele ya delta ya mto Rufiji, kuna visiwa vitatu vyenye wakazi ambavyo historia yake haiwezi kutenganishwa: Juani, kilicho kikubwa kuliko vyote, Chole, kilichomo ndani ya ghuba inayoitwa kwa jina lake, na Jibondo, kilicho kusini zaidi na kilicho wazi kwa upepo. Tangu enzi za ukoloni waandishi wa historia wamekichunguza kisiwa cha Juani kwa sababu ya magofu ya mji wa Kua, na Chole kwa sababu ndiko walikokaa maliwali wa Sultani wa Zanzibar na baada yao maofisa wa Kijerumani, lakini Jibondo kimepewa aya moja au mbili tu, mara nyingi ndani ya maelezo ya Kua, kana kwamba wakazi wake walikuwa majirani wa historia na hawakuwa na historia yao wenyewe. Sura hii inakwenda kinyume na mazoea hayo, kwa kuwa Kua ulikwisha na Chole kikapoteza cheo chake, ilhali kijiji cha Jibondo, kisichokuwa na boma, kasri wala mashamba makubwa ya minazi, kimeendelea kuwako mahali ambapo mkulima asingethubutu kuweka makazi hata kwa msimu mmoja.

Jibondo ni mwamba wa matumbawe ya kale ulioinuka juu ya usawa wa bahari, na udongo wake ni ule haba uliojikusanya katika nyufa na vishimo vya mwamba huo. Mvua ikinyesha hupenya upesi chini na kukutana na maji ya bahari yanayoingia kwa pembeni, hivyo visima vinavyochimbwa hutoa maji ya chumvichumvi, na kwa vizazi vingi maji ya kunywa yalipatikana kwa njia mbili tu: kukinga mvua katika mabirika, yaani matangi yaliyojengwa kwa mawe na chokaa, na kuyavusha maji kwa chombo kutoka kisiwa kikuu. Aliyetaka kulima alilazimika kuvuka kwenda Juani, ambako nako ardhi ni ya mawe lakini ina udongo wa kutosha kwa mtama na kunde, kisha akavuka tena kurudi na mavuno. Maana yake ni kwamba hapakuwa na hitaji la nyumbani, liwe maji, nafaka au mbao za kujengea, ambalo halikupitia kwenye chombo cha baharini, na ndiyo sababu katika kisiwa hiki ufundi wa kuunda vyombo haukuwa kazi ya pembeni ya wavuvi bali ndio uliokiwezesha kijiji kuwapo tangu mwanzo.

Maisha ya kijiji hufuata pepo mbili kuu. Kaskazi, ambayo huvuma kutoka kaskazini-mashariki tangu mwishoni mwa mwaka hadi Machi, huacha bahari ikiwa tulivu kiasi, nayo ndiyo majira ya safari ndefu na ya kuvua kwenye maji ya nje. Kusi, ambayo huingia Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, huja na mawimbi makubwa, na wavuvi hujibana upande wa kisiwa ulio chini ya upepo. Ndani ya kila mwezi tena kuna mzunguko wa pili, ambao kwa mvuvi wa miguu, yaani yule anayetafuta riziki kwenye mwamba wakati wa maji kupwa, ni muhimu kuliko pepo zenyewe. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na katika maji ya Mafia tofauti hiyo huweza kupita mita 3; katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu na sehemu kubwa ya mwamba hubaki imefunikwa. Mtu asiyejua leo ni siku ya ngapi ya mwezi hawezi kufanya kazi Jibondo, awe anataka kuchokoa pweza, kupandisha mashua ufukoni ili aitengeneze, au kushua chombo kipya.

Historia ya kijiji haiwezi kuelezwa bila kuueleza kwanza mji wa Kua. Mji huo ulijengwa kwa mawe na chokaa upande wa magharibi wa Juani, ukiwa na kasri ya mtawala, misikiti kadhaa, makaburi na nyumba ambazo kuta zake hadi leo zimesimama kati ya mibuyu na mizizi. Ustawi wake mkubwa ulikuwa katika karne ya 18, ingawa Mafia kwa jumla ilikuwa imeingia katika biashara ya Bahari ya Hindi zamani zaidi: sarafu za masultani wa Kilwa zimepatikana Kisimani, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa kikuu, ambako mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba, na habari za kale za Kilwa zenyewe zinaitaja Mafia miongoni mwa mahali palipotawaliwa na ukoo wa masultani wake. Familia zilizotawala Kua zilijinasibisha na Washirazi, na baadaye Masharifu wa ukoo wa Shatri walikuwa na nafasi kubwa mjini humo. Ulikuwa mji wa watu wenye nasaba, mali na merikebu, na ng'ambo ya maji, kusini, waliishi watu wa Jibondo.

Uhusiano wa pande hizo mbili umehifadhiwa katika mapokeo, yaani habari zinazopokelewa kwa mdomo kizazi baada ya kizazi, na mapokeo haya ni mazito kiasi kwamba wageni walioandika habari za Mafia hawakuweza kuyapita bila kuyanukuu. Inasimuliwa kwamba watu wa Kua walipomaliza kuunda jahazi kubwa waliwaalika watu wa Jibondo kwenye sherehe ya kulishua, na wageni walipofika, watoto wao wakakamatwa, wakalazwa mchangani mahali ambapo kwa kawaida hulazwa magogo ya kutelezea, na jahazi likaburutwa juu yao hadi majini. Watu wa Jibondo walirudi kwao wakanyamaza. Ilipita miaka mingi, wengine husema saba, hadi ikaonekana kwamba jambo lile limesahauliwa, kisha Jibondo wakatuma mwaliko wa harusi kwa wakubwa wa Kua. Karamu iliandaliwa katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na chakula kilipokuwa kikiendelea, wenyeji walianza kutoka mmoja mmoja kimyakimya, mpaka akabaki mzee mmoja tu aliyekubali kuendelea kuwazungumzisha wageni ili wasishtuke, na mlango ukajengwa kwa nje, yeye akiwa ndani pamoja nao.

Msomaji anayetafuta tarehe na idadi ya waliokufa hatapata kitu katika kisa hiki, lakini anayetafuta namna watu wa Jibondo walivyouelewa ulimwengu wao atakuta mengi. Kwanza, kisa kinaonyesha kwamba kipimo cha ukuu wa mji kilikuwa chombo cha baharini, na kwamba siku ya kushua ndiyo iliyokuwa siku ya kuonyesha nani ana uwezo juu ya nani. Pili, ukatili wenyewe umeelezwa kwa lugha ya fundi: mwili wa mtoto umewekwa mahali pa gogo, na yeyote aliyewahi kuona mkuku wa jahazi ukipita juu ya magogo anajua jinsi mti unavyosagika chini ya uzito ule. Tatu, kisasi hakikuchukuliwa kwa silaha, ambazo huenda Jibondo hawakuwa nazo za kutosha, bali kwa sifa ambazo kijiji kinaziheshimu katika kazi, nazo ni subira, siri na mkono wa mjenzi. Na nne, jambo ambalo wasimulizi wa nje mara nyingi hulipita haraka, yupo mzee anayekubali kufa ili kazi ikamilike. Huyo hana jina, na bila shaka ndivyo ilivyokusudiwa, kwa maana anasimama kwa niaba ya kijiji chote.

Kilichoumaliza mji wa Kua, kwa mujibu wa historia iliyoandikwa, ni uvamizi wa Wasakalava kutoka Madagascar. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 misafara ya mitumbwi kutoka kisiwa hicho ilikuwa ikivishambulia Visiwa vya Komoro ili kuteka watu na kuwauza utumwani, na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19 misafara hiyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki. Kua ulivamiwa, ukaporwa, wakazi wake wengi wakachukuliwa mateka, na ingawa Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Zanzibar, alituma askari kuwafuata wavamizi, mji haukukaliwa tena. Wako wanaoona kwamba habari hii inayafuta mapokeo ya Jibondo, lakini hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa mapokeo yenyewe hayadai kueleza siku ya mwisho ya mji; yanachodai ni kwamba mji ule ulikuwa umeshajihukumu kwa namna ulivyowatendea majirani zake, na hukumu ya namna hiyo huweza kuishi pamoja na habari za maadui waliotoka mbali.

Baada ya Kua, makao ya utawala yalihamia Chole, ambako liwali wa Sultani aliketi na ambako matajiri walijenga nyumba za mawe, huku kisiwa kikuu kikijazwa minazi iliyopandwa na kutunzwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Mwaka 1890 Mafia iliingia mikononi mwa Wajerumani kutokana na mapatano yao na Waingereza, na Sultani akalipwa marki milioni 4 kwa ajili ya Mafia pamoja na pwani yote ya Tanganyika ya baadaye. Oscar Baumann, msafiri na mwanajiografia kutoka Austria, alifika mwaka 1895 na kuchapisha kitabu kidogo kuhusu kisiwa hicho mwaka uliofuata. Mwaka 1913 Wajerumani waliihamishia ofisi yao Kilindoni, kwenye kisiwa kikuu, ambako makao ya wilaya yako hadi leo. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaitumia kuwa kituo cha ndege na manowari za kuiwinda meli ya Kijerumani SMS Königsberg iliyokuwa imejificha katika mifereji ya Rufiji, na tarehe 11 Julai mwaka huohuo meli hiyo ikaangamizwa. Mambo haya yameandikwa kwa urefu katika vitabu vingine na hayahitaji kurudiwa hapa, ila jambo moja linafaa kusisitizwa: katika kipindi chote hicho ambapo bendera zilibadilika na makao ya utawala yakahama mara mbili, watu, nazi, boriti za mikoko na samaki wakavu waliendelea kusafiri kati ya visiwa, delta, Kilwa, Dar es Salaam na Zanzibar kwa mashua na majahazi, na vyombo hivyo vililazimika kuundwa na kutengenezwa na mtu fulani.

Mafundi wa Jibondo, pamoja na wenzao wa Chole, ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa upande wa Mafia, na utaratibu wao unastahili kuelezwa kwa kina. Kazi huanza kwa kutafuta miti, ambayo kisiwani haipo na huletwa kutoka kisiwa kikuu au kutoka bara. Fundi hatafuti mbao zilizonyooka peke yake, kwa kuwa mataruma, yaani mbavu za chombo zinazoshikilia mbao za ubavuni, yana nguvu tu yakitokana na tawi au shina ambalo limejipinda lenyewe lilipokuwa likikua. Ubao ulionyooka ukikatwa kwa umbo la upinde, nyuzi zake hukatika na taruma hilo huvunjika katika mawimbi ya kwanza makubwa. Kwa hiyo fundi mzuri huutazama mti uliosimama na kuona ndani yake ni taruma la sehemu gani ya chombo, la karibu na omo, ambayo ni sehemu ya mbele, au la karibu na tezi, ambayo ni sehemu ya nyuma, na huchagua kulingana na pindo lake.

Mkuku, ambao ni mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, hulazwa ufukoni juu ya magogo, na nguzo za omo na tezi zikasimamishwa kila upande. Hakuna mchoro wa karatasi. Fundi hupima kwa kamba, kwa dhiraa na kwa jicho, akisimama mara kwa mara mbele ya omo na kutazama kwa jicho moja kama pande mbili zinalingana, na kosa la upana wa kidole hapo mwanzo litamfanya nahodha apambane na usukani maisha yote ya chombo hicho. Mbao huchongwa kwa tezo, chombo cha kukatia chenye ubapa uliokingama na mpini, na matundu ya misumari hutobolewa kwanza kwa kekee, kifaa cha kutobolea kinachozungushwa kwa kamba na upinde, ili mbao zisipasuke. Mbao zikiisha kupigiliwa hubaki nafasi nyembamba kati ya ubao na ubao, na hapo ndipo inapoingia kazi ya kalafati: nyuzi za pamba hupakwa mafuta, zikasokotwa na kusindiliwa ndani ya nafasi hizo kwa patasi butu na nyundo, polepole, mshono kwa mshono, hadi maji yasipate njia. Sehemu itakayokaa chini ya maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaozuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta mazito yanayotokana na maini ya papa, ambayo harufu yake haimwachi mtu kwa siku kadhaa lakini huukinga mti na jua na chumvi kuliko rangi nyingi za dukani.

Siku ya kushua huchaguliwa katika bamvua, wakati maji yanapojaa hadi karibu na chombo kilipo, na hapo kijiji kizima huhitajika, kwa kuwa hakuna mashine inayoweza kuchukua nafasi ya mikono mingi iliyoshika kamba na kuvuta kwa mwito mmoja. Dua husomwa na ubani huchomwa kabla ya kamba kushikwa. Ni vigumu kuitazama shughuli hiyo, huku watoto wakikimbia pembeni mwa magogo, bila kukumbuka kwamba kisiwa hikihiki ndicho kinachosimulia habari za jahazi la Kua.

Kuhusu uvuvi wenyewe, wanaume wa Jibondo walijulikana hasa kwa jarife, wavu wenye matundu mapana unaotandazwa baharini usiku ili kunasa papa na taa. Nyama ya papa hupasuliwa, ikatiwa chumvi na kuanikwa, na papa mkavu ni chakula chenye soko la uhakika katika pwani yote, kwa kuwa hakihitaji barafu na huvumilia safari ndefu. Uhodari huo ulikuwa na gharama yake, na haitakuwa haki kuificha kwa sababu ya mapenzi kwa wavuvi. Papa hukua taratibu, huchukua miaka kabla ya kuanza kuzaa na huzaa watoto wachache, hivyo akivuliwa kwa wingi hapati nafasi ya kujirudisha. Na jarife halichagui, kwani hunasa pia nguva, na kasa uziwa na kasa ng'amba, ambao hutaga mayai kwenye fukwe za upande wa mashariki wa Juani. Shirika la Sea Sense, lililoanza kazi mwaka 2001, limewatumia wanavijiji wenyewe kuyalinda matuta ya mayai hayo, na hali ya fukwe hizo leo ni bora kuliko ilivyokuwa wakati mayai yakichimbuliwa kwa chakula.

Uvuvi wa wanawake haukuandikwa sana, pengine kwa sababu haukuhitaji tanga wala wavu. Maji ya bamvua yanapokupwa, wanawake, pamoja na wanaume wasio na vyombo, hutembea juu ya mwamba wakiwa na fimbo mbili au tatu, moja ikiwa na ncha ya chuma. Pweza hujificha ndani ya tundu, lakini hujisaliti kwa kuacha nje ya mlango wake maganda ya kaa na chaza aliowala, wakati mwingine yamepangika kiasi kwamba macho yaliyozoea huyaona kutoka mbali. Mvuvi huingiza fimbo na kumchokoza taratibu mpaka mikono yake ikashika mti, kisha humchoma na kumvuta kabla hajajibana ndani, kwa sababu akishajibana mtu atavunja jiwe lakini hatamtoa. Baadaye hupigwa juu ya mwamba mara nyingi hadi nyama yake ilainike. Kwa muda mrefu pweza alikuwa kitoweo cha nyumbani na kitu cha kuanika, ila soko la nje lilipofunguka na wanunuzi wakaanza kuja na barafu, alipata bei, na mara bei ilipopanda wanaume wengi walivaa miwani ya kuzamia na kuwafuata pweza wa maji ya kina, ambao zamani ndio waliobaki salama na kuzaa.

Hata hivyo tishio lililoutikisa mwamba wa kusini mwa Mafia kuliko yote lilikuwa baruti. Katika uvuvi huo bomu la kienyeji hutupwa katikati ya kundi la samaki, nalo huua wakubwa na wachanga kwa pamoja, wengi wao wakizama bila kuokotwa, na hulivunja tumbawe ambalo litahitaji miongo kadhaa kurudi lilivyokuwa. Wapigaji wengi walitoka nje ya visiwa hivi, wakiwa na mashine za boti zilizowashinda mbio walinzi na wanavijiji. Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza Ghuba ya Chole na mwamba wa Kitutia, ulio kusini mwa Jibondo, kuwa maeneo ya akiba katika miaka ya 1970, lakini tangazo hilo lilibaki kwenye karatasi kwa kuwa hapakuwa na boti, askari wala fedha. Ndipo wakazi wenyewe, wakiwa wamechoshwa na milipuko, wakaunga mkono wazo la hifadhi yenye nguvu ya sheria. Mwanaanthropolojia Christine Walley, aliyeishi Chole katika miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu chake mwaka 2004, ameeleza jinsi matumaini hayo yalivyokuwa makubwa. Sheria ya hifadhi za bahari ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye eneo la kilomita za mraba 822, ikawa ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania.

Hifadhi iliyagawa maji katika kanda: baadhi zikafungwa kabisa kwa uvuvi, nyingine zikaachiwa wavuvi wakazi wenye vibali na kwa zana zilizokubaliwa tu, na zilizobaki zikawa wazi zaidi. Baruti ilipungua sana ndani ya mipaka hiyo, na hayo ni mafanikio ambayo hakuna mtu mwadilifu anayeweza kuyakana. Lakini kanda zilizofungwa ziliingia katika miamba ambayo Jibondo walikuwa wakiitegemea, Kitutia ukiwemo, na zana zilizokatazwa zilijumuisha nyavu za kukokota na nyavu nyingine ambazo kijiji kilikuwa kimewekeza fedha zake. Kijiji kinacholima kinaweza kurudi shambani bahari ikifungwa. Jibondo hakina shamba la kurudia. Hivyo wale waliotazamiwa kunufaika na ulinzi ndio waliojikuta wakikimbizana na doria, nyavu zikikamatwa, na kwa miaka mingi kijiji kilikuwa maarufu katika ripoti kwa kukataa kushirikiana na hifadhi, huku ripoti hizo zikikieleza ukaidi wake zaidi kuliko sababu zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano katika jamii mbili za wavuvi ndani ya hifadhi ulionyesha utapiamlo wa kiwango cha kutia wasiwasi, jambo linalopaswa kumsumbua kila anayepima mafanikio ya hifadhi kwa idadi ya samaki peke yake. Bahari nayo haikungoja mgogoro uishe: joto la maji la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia, na Kitutia uliathirika vibaya, hali iliyoonyesha kwamba mwamba unaweza kufa hata pasipo mvuvi.

Mabadiliko ya maana yalianza pale wanavijiji walipopewa nafasi ya kuamua wenyewe juu ya pweza. Utaratibu huo huitwa kufunga miamba, na maana yake ni kwamba kijiji, kwa msaada wa mashirika na wataalamu wa uvuvi, huchagua sehemu ya mwamba wake na kukubaliana kwamba hapatachokolewa pweza kwa miezi mitatu hivi, kisha hufunguliwa kwa siku maalumu ambapo wote huingia kwa pamoja. Pweza anafaa kwa mpango huu kuliko samaki wengi, kwa kuwa huishi mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo tu, hukua kwa kasi ya ajabu katika miezi ya mwisho, na jike hutaga mara moja, akayalinda mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Miezi michache ya kungoja humfanya yule ambaye angeuzwa akiwa mdogo awe na uzito mara kadhaa, na kungoja huko hakuhitaji mtu afunge maisha yake yote, bali kipande cha mwamba na kwa muda unaojulikana. Jambo la kuzingatia ni kwamba kijiji kilichoitwa kikaidi ndicho kilichokubali kujinyima, tena kwenye rasilimali ya maskini wake, mara kilipopewa mamlaka ya kupanga mahali na tarehe. Mipango ya uhifadhi katika pwani ya Tanzania ingekuwa imeokoa muda na fedha nyingi kama ingeanzia hapo.

Mafundi wa vyombo wako katika hali ngumu zaidi kuliko wavuvi wa pweza, kwa sababu hakuna shirika linalowafungulia miamba. Miti mizuri imekuwa ghali na vibali vyake vigumu kupatikana, boti za faiba zinaingia sokoni, vijana huona faida ya haraka katika kuzamia au katika kwenda Dar es Salaam, na elimu ya fundi, ambayo haikuwahi kuandikwa popote, hufa pamoja naye. Idara za historia, akiolojia na uhandisi za vyuo vikuu vya Tanzania ziwapeleke wanafunzi Jibondo sasa, wakae na mafundi tangu siku mkuku unapolazwa hadi siku chombo kinaposhuliwa, waandike vipimo, jina la kila kipande na sababu ya kila pindo, wawalipe wazee kwa muda wao kama wanavyolipwa walimu wengine, na nakala ya kwanza ya kazi hiyo waiache katika shule ya kijiji.